Shangazi Aliyekataa Kuwa Njia ya Mkato

Ndugu, jamaa na marafiki, asanteni kwa kuja kumsindikiza shangazi yetu. Alitukataza kulia kwa sauti mbele ya wageni, na leo wageni mko wengi, basi tutajikaza.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Aprili 1952, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya ofisi ya forodha, akiwa mtoto wa tatu wa mshona viatu na mkewe. Baba yangu, ambaye ni kaka yake, anasema tangu utotoni alikuwa akisimama mlangoni na kuwahoji watoto wa jirani: "Umekuja kufanya nini, na unaondoka lini?" Waliojibu vizuri waliruhusiwa kucheza.

Alimaliza sekondari mwaka 1970, akasomea uhazili, na mwaka 1973 akaajiriwa kupiga taipu katika idara ya uhamiaji. Mwaka 1981 aliacha kazi hiyo akafungua ofisi ya ushauri, ghorofani juu ya duka la vioo, akiwasaidia wageni waliotaka kuhamia, kufanya kazi au kufungua biashara. Maneno matamu hakuwa nayo. Mgeni akiingia anachekelea kwamba ameshasajili kampuni, alimkata kauli: "Hongera, kampuni unayo. Ruhusa ya kufanya kazi ndani yake huna. Kaa chini." Wengi walitoka wamenuna, wakarudi kumshukuru.

Mwaka 1984 aliingia seremala kutoka nje, ambaye sote tulikuja kumwita Fundi. Alikuwa na viza ya matembezi na mikono isiyojua kutulia. Meza ya Shangazi ilikuwa inayumba, naye akainama kuitengeneza.

"Wee! Weka chini hiyo nyundo! Huna kibali!"

"Dada, ni meza tu. Sitaki hata malipo."

"Kazi ni kazi. Unataka ufukuzwe nchini kwa ajili ya mguu wa meza?"

Basi kila alipokuja kufuatilia maombi yake, aliketi akiitazama meza ile kama mwenye njaa atazamavyo sufuria. Lakini mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Tuligundua kwamba hakuwa akiitazama meza tu.

Akamposa. Angemuoa, angepata ruhusa ya kuishi nchini bila jasho, na kila mtu alilijua hilo. Shangazi akakataa. "Mimi si njia ya mkato. Pata kibali kwa ufundi wako, halafu njoo uniulize tena."

Maombi yakakataliwa, Fundi akarudi kwao. Bibi yetu akamwambia Shangazi, "Mwanangu, subira yavuta heri, lakini yako itavuta mvi." Shangazi alicheka, kisha akajifungia chumbani akalia. Alimpenda sana, na aliogopa kwamba amempoteza. Hata hivyo hakubadili neno.

Fundi aliomba upya akiwa huko huko, safari hii akiahidi kuwafundisha useremala vijana wa hapa, kama sheria ilivyotaka. Machi 1986 alipanda ngazi za ofisi ile, kibali mkononi. Hakusalimia mtu. Aliipindua meza, akaipigilia mguu, ndipo akauliza tena. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 7 Juni 1986, wakajaliwa mabinti wawili.

Moyo ulianza kumsumbua mwaka 2019. Hata wodini hakustaafu: muuguzi wake alikuwa mgeni, na kabla ya kumeza dawa Shangazi alitaka kujua kibali chake kinaisha lini. Kumbe kilikuwa karibu kuisha. Muuguzi huyo yupo nasi leo, na kibali kipya anacho. Shangazi alifariki asubuhi ya Jumapili, tarehe 12 Februari 2023, akiwa ameshikwa mkono na mumewe.

Ameacha kaka mmoja, mabinti wawili, wajukuu watano, sisi watoto wa kaka aliotulea, na mume wake. Juzi kaka zake Fundi walimpigia simu kutoka kwao. Walimpa pole, wakamwambia mkewe ameshaondoka, hakuna kinachomfunga tena huku, afungashe arudi. Fundi aliwasikiliza mpaka mwisho.

"Nirudi wapi tena?" aliwajibu. "Mimi niko kwetu."

Umesikia, Shangazi. Lala kwa amani.