Risiti Imeandikwa Hivyo

Katika basi la Cleveland, Odell alimsikia mama mmoja akimsimulia mwanamke aliyeketi kando yake. "Nilikimbilia kununua mashine ya kufulia kabla ushuru wa bidhaa za nje haujapandisha bei. Wiki iliyofuata, duka lenyewe likashusha bei!"

"Pole, dada. Umeliwa."

"Niliwe mimi? Nilirudi na risiti. Imeandikwa: bei ikishuka ndani ya siku kumi na nne, mteja arudishiwe tofauti. Meneja alizungusha maneno, nami sikuondoka. Akalipa."

"Na ingepanda, ungewapelekea nyongeza?"

"Hilo halikuandikwa, shoga."

"Huo si uungwana!"

Basi likasimama. Odell, ambaye hajawahi kurudisha dukani hata shati lililombana, aliinuka akampisha yule mama ashuke, kama anayempisha jaji.