Mzee Masizi na Mwali Uliotulia

Marehemu, ambaye kazini na mtaani wote walimwita Mzee Masizi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa tatu wa fundi boila na mkunga, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana.

Alianza shule ya msingi mwaka 1968, na mwaka 1982 akahitimu ufundi wa maabara. Mwalimu wake wa fizikia alilalamika kwamba huyu akiwashiwa mshumaa mbele yake, hata kengele haisikii.

Tarehe 3 Januari 1983 aliajiriwa katika maabara ya kiwanda cha majiko, akadumu miaka thelathini na sita akipima chembe za masizi zinazozaliwa ndani ya mwali. Alichomeka motoni kiwavu cha shaba, kidogo kuliko kifungo cha shati, akakichomoa kufumba na kufumbua, kisha akakiweka kwenye hadubini ya elektroni na kupima chembe moja moja. "Zipange elfu nne mstari mmoja," alipenda kusema, "ndipo upate unene wa unywele."

Juu ya kichomeo palikuwa na feni ya kufyonza moshi. Ikiwashwa, mwali unayumba na vipimo vinavurugika.

"Zima hiyo feni, mzee, tupate namba zinazoeleweka," mkuu wa maabara alimwambia.

Marehemu aliomba kioo cha kukinga mwali ili feni iendelee kuzunguka. Aliandika barua nne. Kila mara alijibiwa kwamba jambo hilo linashughulikiwa. Naye, tusidanganyane mbele ya jeneza, aliupenda mwali uliotulia. Akazima.

Tarehe 8 Agosti 1987 alifunga ndoa na fundi cherehani. Siku ya kwanza kufika kwao binti huyo, kabla ya posa, alichungulia jikoni, akasema, "Mwali wa njano huu. Jiko lenu linatema masizi." Binti akamuuliza, "Kaka, umekuja kuniona mimi au jiko?" Akavua koti, akalisafisha jiko, ndipo akaposa.

Kikohozi kilianza Novemba 2018. Juni iliyofuata daktari alimwonyesha picha ya mapafu yake. Aliitazama, akasema, "Kumbe chembe zangu zilikuwa zinahamia huku."

Septemba, akiwa wodini na mpira wa oksijeni puani, ilifika barua ya kiwanda ikidai kwamba alikuwa akizima feni kwa hiari yake, kinyume cha taratibu. Hakupandisha sauti. Alimwambia binti yake mkubwa, "Mama, niletee daftari langu la vipimo." Kila ukurasa, kwenye safu ya hali ya feni, alikuwa ameandika kwa mwandiko wake ule wa kunyooka: imezimwa, agizo la mkuu. Chini yake, sahihi ya mkuu mwenyewe.

"Sasa sikia," alisema. "Msije mkanizika nalo."

Alifariki tarehe 21 Oktoba 2019, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe. Kiwanda kimeleta shada la maua lenye utepe wa kumsifu kwa utiifu. Barua yao hawajaifuta. Daftari halimo jenezani. Limo mkobani mwa binti yake, anayewasomea maneno haya, na Jumatatu saa mbili asubuhi litakuwa mezani kwa mkaguzi wa usalama kazini.

Ameacha mjane, mabinti wawili, mtoto mmoja wa kiume, wajukuu watano na dada yake mdogo. Apumzike kwa amani, mahali ambapo hakuna atakayemwambia azime feni.