Picha Ambazo Mama Picha Hazifungi

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika benki yetu ya damu, Mama Picha anastaafu tarehe 30 Juni. Muda wake ulikuwa bado haujaisha, ila presha ya macho haikumsubiri, na daktari hajamficha kitu: macho yanaelekea kuzima.

Alianza kama karani wa mapokezi, akaishia kuwa msimamizi wa kanzidata. Kazi yake ilikuwa picha: ukifungua orodha ya damu, mfumo unakushikia hali ya wakati huo, kama uliyoipiga picha, uhesabu kwa utulivu huku wenzako wakiendelea kupokea na kutoa. Zamani kila picha ilinakili kanzidata nzima, wauguzi wakasubiri mpaka miguu ikafa ganzi. Yeye ndiye aliyebadili: yanatunzwa yale yaliyobadilika tu, na picha inafutwa msomaji wake wa mwisho akiondoka. Na kabla mfuko wa damu haujatoka, mfumo unaangalia tena hali ya sasa. Ndiyo maana mfuko mmoja haujawahi kupewa wagonjwa wawili.

Shida ilikuwa sisi. Ukienda kunywa chai ukaacha orodha wazi, mfumo unadhani bado unasoma, hauthubutu kufuta chochote tangu hapo. Unajaa, unalemewa. Basi koridoni utamsikia Mama Picha: "Jamani, nani kaacha picha wazi?" Hata daktari mkuu alikuwa anakimbia na kikombe chake. Siku moja fundi wa eksrei, bado mgeni, alitoka mbio kuomba radhi, mkononi kashika picha ya mbavu za mtu. Mama Picha alicheka mpaka akakaa chini.

Kwetu wenye watoto wachanga ukali wake ulikuwa mwingine: "Mwanangu, funga hiyo ukalale. Mimi nipo." Sasa nani atasema hivyo, sijui. Nafasi yake haijapata mtu.

Ijumaa iliyopita alituita dirishani mmoja mmoja, penye mwanga. Alitutazama usoni, taratibu, akamtazama na mwanangu aliyelala mgongoni. Fundi wa eksrei akamtania kwamba leo yeye ndiye anayeacha picha wazi.

"Hizi sizifungi," akasema. "Acha zinilemee."



Asante, Mama Picha, kwa kila mfuko uliofika kwa mwenyewe. Mapumziko yako yawe mema, na mwanga ukae nawe kadiri utakavyoweza. Zetu tutazifunga.