Marehemu Aliyeitikia "Nipo"

Baba yetu mpendwa alizaliwa tarehe 9 Machi 1952, mtoto wa nne wa mshona magunia na mkewe. Alisoma hadi darasa la saba, hodari wa hesabu na mtundu wa kupindukia. Mwaka 1971 alijiunga na jeshi, akafundishwa kushona buti. Vita vilipoanza alipelekwa mstari wa mbele, akarudi mwaka 1979 na mguu usiokunjika.

Alifungua kibanda cha kutengeneza viatu nyuma ya stendi. Tarehe 14 Juni 1981 alifunga ndoa na mama yetu, muuza vitambaa aliyeleta kiatu kushonwa na, kwa maelezo ya Baba, akasahau kuondoka.

Mwaka 1990 mguu ulizidi kumsumbua, akaenda ofisi ya askari wastaafu kuomba matibabu. Karani akamwambia, "Mzee, hapa inaonekana ulifia vitani. Wewe ni marehemu." Alirudi mara nyingi kuwaonyesha kwamba anapumua, akaambiwa njoo kesho. Mwishowe alikata tamaa. Alilala akiutazama ukuta, akamwambia Mama, "Serikali niliyoipigania imenizika bila hata kunilia." Tuliumia.

Baba alikuwa na desturi ya kutuita majina kabla ya chakula cha jioni, kijeshi, nasi tukiitikia "Nipo". Alipokata tamaa aliacha kutuita, Mama akashika zamu. Jioni moja alimaliza kutuita sote, kisha akaongeza, "Marehemu?" Halafu sauti ikatoka chumbani: "Nipo." Akaja kula.

Tangu hapo mtaa mzima ulimwita Marehemu, naye aliitika akicheka. Hata yule karani alipoleta viatu vyake vilivyoachama, Baba alimwambia, "Fundi alishakufa, mwanangu. Kaulize ofisini kwenu." Kisha akavishona, tena vizuri.

Januari 2021 alianza kuugua figo. Jioni ya tarehe 3 Mei Mama alimwita kama kawaida, kando ya kitanda. Aliitikia, akatabasamu, akafariki kabla chai yake haijapoa. Serikali haikumwita hata mara moja. Sisi tulimwita kila jioni, na tulikuwa na furaha naye.

Ameacha mjane, watoto watano, wajukuu kumi na mmoja, na viatu kadhaa kibandani ambavyo wenyewe wanaombwa waje wavichukue.

Jioni ya leo Mama ataita majina. Akifika kwa Marehemu, tutamwitikia sisi: "Yupo."

Pumzika salama, askari wetu.