Bonareri Aliyejipakulia Kwanza

Wasikilizaji wapendwa, siku ile mpumbavu nilikuwa mimi. Nianze hapo, maana marehemu mwenyewe angenianzia hapo hapo.

Ulikuwa ule mwaka wa kiangazi kikali kule kaskazini. Mifugo imekufa, visima vimekauka, watu wanangoja maji ya lori. Akina mama wanaouza ndizi sokoni Keumbu walizipata habari hizo kwa Istarlin, mwenye duka la vitambaa mjini Kisii. Shangazi yake, Janat, anaishi kijijini nje ya Wajir. Basi akina mama wakachanga. Si pesa. Ndizi. Mikungu ya ndizi mbichi, lori zima, ikapelekwa kwa watu wenye njaa.

Baada ya muda Istarlin akaleta jibu. Zilizoivia njiani watoto walizimaliza. Zile mbichi? Kijiji kile hakikuwa kimewahi kuona ndizi ya kupikwa. Walionja, wakatema, wakawapa mbuzi. Janat akatuma salamu: "Waambie asante sana kwa chakula cha mbuzi."

Nami mtangazaji nikaileta habari hiyo hewani. Nilicheka, wasikilizaji. Nilicheka mpaka machozi. Simu ikalia.

"Hapo ni redio?"

"Ndiyo, mama. Uko hewani."

"Mimi ni Bonareri. Bonareri wa ndizi, Keumbu. Hizo unazocheka ni zangu."

"Pole, mama. Na mbuzi wanasemaje?"

"Mbuzi wameshukuru. Wewe hata mbuzi huna."

Fundi mitambo, ambaye analipwa kunisaidia, aliangua kicheko akashindwa kukaa kitini.

"Na usikate simu," mama akaendelea. "Kosa ni letu. Tulipeleka ndizi, hatukupeleka mpishi. Lori lingine linaondoka Jumapili. Nitakuwa ndani."

Huyo ndiye Bonareri tunayemkumbuka leo. Mzaliwa wa Nyamira, akaolewa Keumbu, akauza ndizi mbichi kando ya barabara mpaka nywele zikawa nyeupe. Bonareri wa ndizi. Tulimzika Alhamisi iliyopita.

Kuondoka hakukuwa rahisi. Mumewe, mzee Okemwa, alikataa. Tusimlaumu sana, wengi wetu tungekataa. Binti yao, Lorna, anaikumbuka siku hiyo.

"Baba alisema, 'Mke wangu apande lori na madereva, alale njiani? Watu watasema nini? Na nani atanipikia?' Mama alikuwa anamenya ndizi. Hata macho hakuinua. Akamwambia, 'Baba Lorna, ndizi ziko shambani. Ukishindwa kuzipika, utakula kama mbuzi wa Wajir.'"

Akaenda.

Kule alizipika kwa maji kidogo na mafuta ya mbuzi, na safari hii mbuzi hawakupata kitu. Lakini si hilo alilorudi nalo nyumbani, wasikilizaji wapendwa. Alirudi na jambo jingine.

Mkwe wa Janat, msichana tu anayenyonyesha, alikuwa akikoroga sufuria kubwa ya kijiji. Akaanguka. Mwiko mkononi. Wageni walikuwa wamekula, wazee wamekula, wanaume wamekula, watoto wamekula. Yeye aliyepika alikuwa hajatia kitu mdomoni tangu jana. Kila zamu yake ikifika, sufuria ilikuwa tupu.

Bonareri alinisimulia mwenyewe, hapa hapa studioni: "Nilikasirika. Nilitaka kuwasema. Nikamuuliza Janat, 'Mbona mpishi wenu hajala?' Janat akaniangalia. Akaniuliza, 'Kwenu mpishi hula saa ngapi?'"

  

Akaendelea: "Miaka yote hiyo kwangu nilikuwa nakwangua sufuria. Nilidhani napenda ukoko."

Jioni aliyorudi Keumbu alipika, akachukua sahani, akajipakulia. Kwanza. Mbele ya mumewe. Lorna anasema baba yake aliitazama ile sahani kama imemtukana, akainuka, akaenda kula chapati hotelini. Akala hotelini siku kadhaa. Kisha siku moja akarudi, akaketi, akangoja. Mama akajipakulia, akampakulia. Wakala. Hakuna aliyekufa.

Kutoka mezani jambo likahamia sokoni. Akina mama wa Keumbu huchanga chakula cha mchana, na Bonareri akaweka sheria: aliyepika anakula kwanza, na mwenye mimba anakula naye. Mwaka unga ulipopanda bei, Lavender, muuza nyanya, alikuwa mjamzito. Anasema, "Nilikuwa nazirai kila mara nikiwa na mimba ya kwanza. Ya pili sikuzirai. Mama Bonareri alikuwa ananisimamia mpaka sahani ibaki tupu. Ukimwambia umeshiba, anakuuliza umeshiba nini."

Presha ndiyo iliyomwangusha. Bonareri wa ndizi, mwanamke aliyejipakulia kwanza.

Kwa mzee Okemwa, kwa Lorna na wajukuu, kwa akina mama wa Keumbu, kwa Istarlin na watu wake: poleni. Poleni sana. Mungu awafute machozi. Nasi wengine, tukifika nyumbani leo, kabla ya kuuliza chakula kiko wapi, tumuulize aliyepika kama amekula. Mimi mama yangu alikuwa akituambia ameshiba. Sikumbuki kumwona akila.

Lakini siwezi kuwaacha bila kuwaambia yaliyotokea Alhamisi, kaburi likiwa bichi.

Akina mama walikuwa wamepika tangu alfajiri. Janat mwenyewe alikuwa jikoni, amesafiri kutoka Wajir, mikono ya dera ameikunja. Tulipotoka kaburini, wapishi wakakaa chini ya migomba, kila mmoja na sahani yake. Wakaanza kula.

Mwenyekiti wa kamati ya mazishi, bwana Ratemo, akaja mbio.

"Jamani! Wageni wamekaa kwenye hema! Mheshimiwa anangoja! Na nyinyi mnakula? Mnatuaibisha mbele za watu, siku ya msiba?"

Vijiko vikasimama. Lavender akaanza kuinuka, sahani nusu. Janat akamtazama Lorna. Ungedhani yote aliyoyafanya Bonareri yangeisha pale pale, kabla udongo wake haujakauka.

Ndipo mzee Okemwa akaja, polepole, amevaa koti lake la kanisani, la siku ya Sabato. Akamwashiria Lavender akae. Akatoa mwiko kwenye sufuria, akaufuta vizuri, akamkabidhi Ratemo.

"Shika, mwenyekiti," akasema. "Mheshimiwa ana njaa, na wewe una mikono."