Chupa ya Madume ya Mzee Turdali

Kitanda cha mbao cha mkahawa wa Ergash kimekaa juu ya mfereji, nasi hukaa juu yake miguu tumekunja, chai ya kijani ikizunguka kwa bakuli moja. Ergash ni bahili wa bakuli, si wa maneno, ndiyo maana tunamwita Redio. Mwenzake ni Sindano, aliyekuwa akidunga ng'ombe dawa mpaka akastaafu. Siku hiyo Mzee Turdali alikuja amenuna. Mke wa mwanawe alikuwa amejifungua binti wa tatu, leo ni karamu ya kumlaza mtoto kwenye susu, na mzee alishautangazia mtaa kwamba ataitwa Kifoya, yaani imetosha, ili Mungu asikie alete mvulana. Mama mtu analia tangu juzi. Jina lile lilinichoma, ila nilinywa chai yangu.

— Karamu kwako, wewe uko huku?

— Niache, Redio. Viwavi wanamaliza pamba yangu.

— Na wale nyigu wa maabara, wa kuua viwavi?

— Wanaota jua tu!

— Labda wa wilaya nyingine hao. Viwavi wetu hawawajui.

— Au wamefunga, — akasema Sindano.

— Wamehongwa! Kiwavi naye ana watoto wa kulisha.

Tukacheka. Turdali hakucheka.

— Nimetoka maabara sasa hivi. Yule binti anayefuga nyigu kaniuliza, si wewe babu uliyetaka madume matupu?

Sindano akapaliwa na chai.

— Uliomba madume?

— Si ndiyo wenye nguvu? Alikataa, nikagomba, akanipa chupa waliyotaka kuitupa. Mama zao hawakupata waume. Nyigu asiye na mume huzaa wavulana watupu.

— Bila mume! — Redio akashika kofia. — Na akiolewa?

— Anachagua mwenyewe. Yai hili binti, yai lile mvulana.

— Basi tuwapeleke wake zetu maabara!

— Kazi je, anafanya nani? — nikauliza.

— Jike. Ndiye mwenye mwiba. Anamdunga kiwavi, anamtagia mayai, watoto wanamla. Dume hana mwiba. Anakula asali na kutafuta mchumba.

— Kama mwanao, — akasema Sindano.

— Koma! Nimemwambia yule binti, nipe majike. Hata ukinijazia shamba zima, bado hawatoshi!

Mara gari dogo likasimama, susu mpya ya rangi imefungwa juu yake. Akashuka Mzee Normat wa kijiji cha juu, baba wa yule mama aliyejifungua, akatusalimu mmoja mmoja, mkono kifuani.

— Mkwe mwenzangu, afadhali nimekukuta. Nikifika nataka nimwite mjukuu wetu kwa jina lake. Anaitwa nani?

Sindano akatazama bakuli. Redio akaenda kuchemsha maji yaliyokuwa yanachemka.

— Bado, — Turdali akasema mwishowe, akitafuta viatu vyake. — Twende tukamwulize mama yake.