La Kwanza Hutiwa Mwisho

Kijiwe cha Mjambere kiko ubavuni mwa duka la simenti lililofungwa: benchi mbili zinazotazamana na, katikati, dele la kahawa la Mzee Hassan juu ya makaa. Baada ya swala ya alasiri, waketio ni wale wale. Yupo Rama, aitwaye Dola, kwa kuwa hakuna jambo asiloliishiliza kwenye dola. Yupo Katana, aitwaye Kamusi, ambaye ana methali kwa kila jambo, na kila methali ni ya jambo jingine. Na yupo Jefwa, aliyewahi kuendesha winchi bandarini. Winchi ilimtoka, jina la Winchi likabaki. Alhamisi hiyo Jefwa alifika na vitu viwili. Nazi, ndani ya mfuko wake, aliiweka chini ya benchi. Fomu ya shule aliiweka juu ya goti.

Fomu ilitoka kwa jopo linaloandaa mtaala wa masomo mawili, uchumi na uchumi wa nyumbani. Jopo lilitaka maoni ya wazazi, na mwakilishi wa wazazi shuleni ni Jefwa. Sehemu ya kwanza, ya uchumi, ilikuwa na nusu ukurasa mtupu. Sehemu ya pili ilikuwa na swali moja na mstari mmoja: Taja kazi moja ya nyumbani unayoifanya mwenyewe, ambayo mwanafunzi anaweza kujifunza kwako. Tangu Jumatatu Jefwa alikuwa ameikunja sehemu hiyo kwa ndani.

— Andika, Winchi, Rama alisema. Somo la kwanza ni dola. Mtoto akiamka, kabla hajapiga mswaki, ajue dola imeamkaje.

— Imeamkaje leo? Mzee Hassan aliuliza.

— Hilo ndilo la kufundishwa.

— Dola hatuiwezi, Katana akaingilia. Nazi haishindani na jiwe.

— Nazi hapa ni nani? Rama aliuliza.

— Dola.

— Na jiwe?

— Dola vilevile. Ndiyo ubaya wake.

Jefwa aliandika: Dola. Mwandiko wake ulikuwa mzuri. Ndio uliompa uwakilishi.

— Ongeza hili, Rama alisema. Kila shule iwe na gati yake. Madawati yatoke nje moja kwa moja, watoto wayapokee, wayahesabu, wajifunze.

— Yakhe, shule yetu ya Utange ipate gati wapi? Mzee Hassan aliuliza. Meli ipite kwenye mihogo?

— Pachimbwe. Watu wamechimba mfereji wa meli jangwani, sisi tushindwe na mihogo?

— Maji hufuata mkondo, Katana alisema, na kwa mara ya kwanza wakamtazama kwa shaka, kwa sababu methali ilikuwa inakaribia kufaa.

Kisha Katana akaweka finjani chini. Huiweka chini akiwa na jambo.

— Sikizani. Uchumi ni tui. Ukikamua nazi mara ya kwanza wapata tui zito. Ukitia maji ukakamua tena, wapata jepesi. Sasa nchi hii, tui zito lapanda reli laenda bara. Sisi wa Pwani twaachiwa la pili. Mwaka mbaya, twaachiwa chicha, makapi matupu.

— Wallahi! Rama aliruka. Chuo kikuu hawana hilo. Winchi, andika kwa herufi kubwa. Na uongeze: minazi yote itiwe mita, kama maji. Nazi ikianguka, mita isome.

— Ikimwangukia mtu? Mzee Hassan aliuliza.

— Isome mara mbili.

Walicheka. Jefwa aliandika yote, nusu ukurasa ikajaa.

— Na hiyo uliyoikunja? Mzee Hassan aliuliza.

— Hiyo ni ya wanawake.

— Basi ruka, Rama alisema. Watajaza wenyewe.

— Methali yenyewe yasema, Katana akadakia. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mama katajwa, ulimwengu umetajwa. Baba yuko wapi? Baba hana somo!

Wakacheka tena. Jefwa naye alicheka, akachelewa kidogo.

— Lakini usiikunje, Katana alimwonya. Mficha uchi hazai.

Alimaanisha kwamba karatasi ikikunjwa sana hupasuka. Jefwa aliinyoosha haraka, kisha akaikunja tena.

— Mama Fancy yu wapi siku hizi? Mzee Hassan aliuliza, akimtilia kahawa. Ana wiki ya pili hajapita hapa.

— Yuko Kaloleni. Mamake alivunjika nyonga.

— Pole. Na nyumbani mwala nini?

— Twajikimu.

— Wewe na nani?

Jefwa alipuliza kahawa ambayo haikuwa na moto mwingi. Siku ya pili tangu mkewe Josephine aondoke, asubuhi, alimkuta binti yake Fancy mlangoni na sare na mkoba. Kitinda mimba wa miaka mitatu alikuwa akilia. Jefwa alimwambia Fancy: leo tu. Kesho yake hakusema kitu, na Fancy hakuvaa sare. Shuleni Jefwa alituma ujumbe kwamba mtoto ana malaria. Yeye mwenyewe alikuwa akitoka kila asubuhi kutafuta kibarua Changamwe, na kufikia saa nne alikuwa amekwisha kurudi kijiweni. Leo, kabla hajatoka, Fancy alimwomba nazi moja, aje nayo mapema.

Mwanamke kijana mwenye mkoba wa vitabu alisimama mbele ya benchi.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu, Mzee Hassan alijibu.

— Mimi ni Mwalimu Nafula, nimeanza kufundisha hapa shuleni muhula huu. Namtafuta mwakilishi wa wazazi. Nakusanya fomu, zinaenda kesho.

— Umefika, Rama alisema. Fomu hii ikifika Nairobi watu hawatalala.

Nafula aliipokea fomu kwa Jefwa, akaisoma amesimama. Penye gati aliinua nyusi. Penye tui alitabasamu.

— Hii ni nzuri. Na imenikumbusha. Mimi natoka Bungoma, kwetu hatupiki kwa nazi, na muhula ujao nafaa kufundisha wali wa nazi. Nimejaribu mara mbili, ukaniharibikia. Hebu nisaidieni wazee wangu. Hilo tui zito, linatiwa lini?

— Mwanzo, Rama alisema. Si ndilo la kwanza? La kwanza hutiwa kwanza.

— Ndivyo nilivyofanya.

— Ikawaje?

— Likakatika, mafuta huku maji kule.

— Basi hutiwa katikati, Katana alisema. Subira huvuta heri.

— Katikati ni lini?

Katana alimtazama Mzee Hassan. Mzee Hassan alisema yeye ana miaka thelathini na kahawa. Wali huletewa na mkaza mwanawe, umefunikwa. Wanaume wanne waliokula wali wa nazi tangu kuota meno walitazama makaa.

Jefwa alilijua jibu. Jana alikuwa amekaa uani, mlango wa jiko uko wazi, akamsikia Fancy akimwimbia mdogo wake huku akikuna: la pili mwanzo, la kwanza mwisho.

— La kwanza hutiwa mwisho, alisema.

Rama aligeuka.

— Winchi! Tangu lini?

— Wali huiva kwa tui jepesi. Ukikaribia kukauka ndipo hutiwa lile zito, moto ukapunguzwa. Jana nimemwona binti yangu.

Aliona fahari kulisema. Ilidumu kiasi cha Nafula kutoa kalamu.

— Asante sana. Binti yako nani?

— Fancy.

— Fancy Jefwa? Wa gredi ya nane? Kalamu ilisimama. Kumbe amepona?

Jefwa aliinamia finjani yake.

— Alikuwa mgonjwa? Mzee Hassan aliuliza.

— Mbona juzi nimemwona bombani, Rama alisema, mtoto mgongoni na mtungi... Akakatiza.

Katana aliinua finjani, akaiweka chini, akaiinua tena.

— Haumwi, mwalimu, Jefwa alisema. Tangu mwanzo haumwi.

Nafula hakumkemea. Kukemewa kungekuwa rahisi zaidi. Aliikunjua fomu mpaka chini, akasoma swali la mwisho, akaonyesha ule mstari.

— Hapa umesahau.

— Sikusahau.

Nafula alimrudishia fomu.

— Siichukui nusu, mzee wangu. Kesho Fancy anaweza kuileta. Saa moja na nusu tunapiga kengele.

Akaaga kwa heshima, akaenda. Rama alisema dola leo nayo haijatulia. Hakuna aliyeuliza iko ngapi. Jefwa aliinuka, fomu mkononi, akashika njia ya nyumbani.

— Winchi! Mzee Hassan alimwita. Umesahau nazi.

Alirudi. Mzee Hassan aliutoa mfuko chini ya benchi, akaushikilia kabla hajauachia.

— Utaikuna wewe?

Jefwa aliipokea nazi kwa mikono miwili. Alijaribu kukumbuka mbuzi ya kukunia huwekwa wapi, mlangoni, uvunguni au nyuma ya pipa la maji. Miaka kumi na sita katika nyumba ile, na hakujua.